Nani Alikuwa Mbele Yako?

Kiganjo, mtaani Thika, hakuna mtu anayengoja ushahidi. Hayat, karani wa mapokezi wa kliniki ya macho, alipoonekana akirudi nyumbani saa nne asubuhi siku ya kazi, mkononi kashika kikombe chake cha chai na sweta ambayo siku zote huiacha kwenye kiti cha ofisi, mama muuza mboga za sukuma wa pale kona alijua kuna jambo. Akishajua yeye, redio haina tena cha kutangaza. Kufikia alasiri hadithi ilikuwa imekamilika na kunyooka: Hayat amekula hongo ili kuwapandisha watu kwenye orodha ya kupasuliwa macho, na hakuona haya kumpandisha hata mama yake mzazi.

"Lisemwalo lipo," watu walisema, wakaishia hapo. Ile nusu ya pili ya methali, inayokubali kwamba huenda halipo, hawakuwa na haja nayo.

Zubeida alizipokea habari hizo alipotoka kazini Ruiru. Yeye alikuwa wifi yake Hayat. Aliishi kwa kaka yake Farouk, mume wa Hayat, na kazi yake ilikuwa kuandika programu za kompyuta katika kampuni ndogo ya Bwana Kimeu. Mwaka huo wa 1998 kazi hiyo iliwatatiza majirani. Wengi waliamini anapiga taipu, na Zubeida alikuwa amechoka kuwasahihisha. Lakini jioni hiyo alitamani ingekuwa taipu tu, maana orodha iliyomfukuzisha wifi yake ofisini ilitoka kwenye programu aliyoiandika yeye kwa vidole vyake.

Mambo yalikuwa hivi. Mwezi wa pili, mvua ya El Nino ilipopungua, kliniki ilifanya kambi ya uchunguzi. Wagonjwa walimiminika kutoka Ngoingwa, Kiganjo, Majengo na hata upande wa Kilimambogo. Wale wenye mtoto wa jicho macho yote mawili, ambao mchana na usiku kwao vilikuwa vimekaribia kuwa kitu kimoja, waliwekwa daraja la kwanza, wakakalishwa peke yao kando ya ua kwa zamu waliyofika. Walikuwa kama arobaini. Walikaa hapo mchana kutwa wakingoja kupimwa damu, na Hayat akawaandika mmoja baada ya mwingine moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kuwa Bwana Kimeu alikuwa ameiahidi kliniki kwamba karatasi imekufa na imezikwa. Daktari wa upasuaji angekuja mwezi wa saba. Angewapasua ishirini na wanne wa kwanza, kisha angerudi alikotoka mpaka mwaka mwingine.

Orodha ilipobandikwa verandani kwa mara ya kwanza, asubuhi ile ya kikombe na sweta, Jared, mwanamume wa sauti kubwa aliyemleta baba yake kambini kabla jogoo hajawika, alisoma kutoka juu akishuka. Alishuka, akashuka, na jina la baba yake, Mzee Kaleli, akalikuta limevuka nambari thelathini. Juu kabisa, nambari ya nne, palikuwa na Bi Zainab, mama yake Hayat, ambaye kila mwenye masikio alimsikia akifika na jua limeshapanda.

"Kumbe sisi tulilala kwa geti bure!" Jared alifoka. "Foleni ni ya wajinga! Wajanja wako na watoto ndani ya ofisi!"

Bwana Muthoka, msimamizi wa kliniki, alikuwa mtu wa kuogopa kelele kuliko dhambi. Alimwita Hayat pembeni. "Sijasema umekula kitu," alimwambia. "Nimesema tu kaa nyumbani kwanza, kamati ikutane." Na kila mtu Kenya hii anajua maana ya kukaa nyumbani kwanza.

Zubeida alimkuta Hayat jikoni akisugua sufuria iliyokwisha kung'aa. Sebuleni Bi Zainab alikuwa ameketi mkekani na mjukuu wake Fahim mapajani, akimpapasa pua na paji la uso. Mtoto alikuwa na mwaka na miezi, na bibi yake hakuwa amemwona hata mara moja. Alimjua kwa viganja tu. Zubeida aliwatazama wale wawili, akamtazama wifi yake, na wazo likamwingia ambalo hakulikaribisha. Angekuwa yeye, je? Kama mama ni wake, na kipanya cha kompyuta kiko mkononi mwake?

Alifunga mlango wa jikoni taratibu.

"Wifi, niambie tu ukweli. Mimi siwezi kukuhukumu. Ulimsogeza Mama?"

Hayat aliacha kusugua. Hakugeuka upesi.

"Hata wewe, Zubeida."

"Nauliza tu."

"Umeuliza, nimesikia." Aliiweka sufuria chini kwa uangalifu mkubwa, jinsi mtu anavyoweka kitu anachotamani kukitupa. "Sijamsogeza. Na hata ningetaka, wallahi sijui ningefinya wapi. Hiyo kitu ni wewe uliandika. Mimi naandika majina tu, kazi ingine inafanya yenyewe."

Zubeida aliona haya mpaka masikio yakamwaka. Aliona haya kwa kumshuku mtu ambaye amekula naye sahani moja kwa miaka minne, lakini chini ya haya hiyo kulikuwa na jambo jingine lililomnyima raha zaidi. Kazi ingine inafanya yenyewe. Kama Hayat hakumsogeza Bi Zainab, na Bi Zainab amesogea, basi aliyemsogeza ni nani?

Asubuhi iliyofuata wakaenda Ruiru pamoja, Hayat shingo upande, mkobani mwake mkiwa na disketi ya akiba aliyokuwa akiibeba nyumbani kila jioni. Ofisi ya Bwana Kimeu ilikuwa chumba kimoja juu ya duka la dawa za mifugo, na harufu ya dawa ya kupe ilipanda ngazi pamoja na wateja. Zubeida aliitia disketi kwenye mashine, akafungua orodha, akamvutia Hayat kiti.

"Fanya vile unafanyanga kazini. Usiniulize kitu. Jifanye siko."

Hayat alishika kipanya. Orodha ilikuwa na vichwa juu yake: Jina, Mtaa, Umri, Daraja. Ukibonyeza kichwa chochote, orodha yote inajipanga upya kukifuata. Hili ndilo Bwana Kimeu alipenda kuwaonyesha wateja, na ndilo lililofanya wateja waseme eeh.

"Juzi Bwana Muthoka aliniambia niite watu wa Ngoingwa wapimwe presha," Hayat alisema. "Sasa nikafinya hapa, Mtaa. Unaona, watu wa Ngoingwa wamekaa pamoja. Nikawaita. Halafu nikafinya Daraja, ndio irudi vile ilikuwa. Nikaprint. Basi."

Alibonyeza Mtaa, kisha akabonyeza Daraja. Orodha iliruka mara mbili, upesi kuliko kupepesa jicho. Daraja la kwanza likakaa juu, la pili likafuata, la tatu chini, kama ilivyotakiwa.

"Ilirudi vile ilikuwa?" Zubeida aliuliza.

"Si ndiyo hiyo? Daraja la kwanza liko juu."

Zubeida alisogea karibu na skrini. Alikuwa akiyatazama majina, si madaraja. Mtu aliyeitwa Nzioki, aliyekuwa wa tatu walipofungua, sasa alikuwa karibu na wa ishirini. Bi Zainab hakuwa tena wa nne. Alikuwa wa kumi na saba.

"Rudia."

Hayat akarudia. Nzioki akapanda tena, Bi Zainab akashuka, Mzee Kaleli akatokea mahali papya kabisa, na hakuna mkono wa mtu uliowagusa. Wanawake wawili waliinamia skrini. Hayat ndiye aliyecheka kwanza, kicheko kifupi kisichokuwa na furaha.

"Kumbe ni hii," alisema. "Watu wananiita mwizi, kumbe ni hii."

Zubeida alikuwa ameshaelewa, na kuelewa kwenyewe kulimchoma. Mbinu ya kupanga aliyoichagua ilikuwa ile ya haraka, ambayo chuoni waliisifu kuliko zote. Inachukua jina moja la katikati, inalifanya kipimo, kisha inarusha walio chini yake huku na walio juu yake kule, tena na tena, mbio mbio, bila kujali nani alikuwa amesimama nyuma ya nani. Kwa vitu visivyolingana, haina kosa. Alikuwa ameijaribu kwa majina, na hakuna majina mawili yaliyofanana, kwa hiyo kila mara ilijibu vizuri. Lakini watu arobaini wote wa daraja la kwanza walikuwa wamelingana. Mbinu ile iliwachanganya itakavyo, kwa sababu yeye hakuwa ameiambia kwamba kuna tofauti.

"Unakumbuka nilipokuja kliniki kukuuliza maswali?" alisema. "Nilikuuliza, watu wa daraja moja, nani anatangulia. Ulinijibu nini?"

Hayat alifikiri. "Nilikwambia wako sawa."

"Ulisema, hao wote ni sawa. Na mimi nikaandika, sawa. Yaani haidhuru, yeyote atangulie."

"Ai! Nilisema ugonjwa wao uko sawa!" Hayat alisimama. "Kipofu na kipofu, nani atasema huyu ni kipofu kushinda mwingine? Lakini foleni ni foleni. Kwani hiyo pia mtu anaambiwa? Amekuja kabla yako, amekuja kabla yako!"

"Mashine lazima iambiwe."

"Mashine sawa. Wewe je?"

Zubeida aligeuzia macho skrini. Alizaliwa Majengo, ambako tangu utotoni aliacha mtungi wake kwenye mstari wa bomba na kwenda kucheza, akijua akirudi ataukuta nyuma ya mtungi uleule aliouacha mbele yake. Alilijua hilo kabla hajajua kusoma. Lakini alipoketi mbele ya kompyuta alifikiria kasi tu, kwa sababu kasi ndiyo iliyosifiwa.

Bwana Kimeu aliingia saa hiyo akitokea mtaa wa Membley, funguo za gari zikining'inia kidoleni. Alikuwa bosi mwenye moyo mwepesi, wa kununua chai ya wote, lakini kosa la programu lilipotajwa alikunja uso kama mtu aliyeambiwa mtoto wake ana chawa. Alisikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu.

"Zubeida, hiyo si bug. Imepanga kwa daraja? Imepanga. Customer alitaka nini tena?"

"Alitaka waliolingana wabaki vile walikuwa."

"Hakusema."

"Hakusema kwa sababu hakuna mtu husema."

Kimeu alivuta kiti. "Sikiza. Next week nina watu wa hospitali kubwa kutoka Nairobi. Nataka niwawekee majina elfu kumi, nifinye, bam! Ipangike kabla mtu hajafunga mdomo. Hiyo mbinu ya haraka, Quicksort, ndiyo inatupatia hiyo bam. Na usiniambie haraka haraka haina baraka, nimeisikia tangu standadi wani."

"Sikuwa naenda kusema hiyo."

"Mzuri. Sasa hawa wa Thika, waambie ni virusi. Ama yule mdudu wa kompyuta wa mwaka elfu mbili. Watu wameshamsikia kwa redio, wataelewa."

Hayat alimgeukia. "Bwana Kimeu," alisema, "virusi kupandisha mama yangu peke yake? Watasema hata huyo virusi nilimlipa."

Kimeu alitaka kucheka, akamwona uso, akaacha.

Zubeida aligeuza kiti kuelekea mashine. Kulikuwa na mbinu nyingine, naye aliijua. Alikuwa ameiacha kwa sababu inataka memori zaidi na haina madaha. Inaigawa foleni mara mbili, inapanga kila nusu, kisha inaziunganisha kama watu wa mistari miwili wanaopita mlango mmoja. Wakikutana wawili waliolingana, wa mstari wa kwanza anapita, kwa kuwa ndiye aliyekuwa mbele toka mwanzo. Siri yake ilikuwa hapo mlangoni, katika alama moja ndogo ya kuamua kwamba anayelingana na mwenzake hampiti. Aliandika asubuhi nzima, akahakikisha pia kwamba kila kichwa kinapobonyezwa, kupanga kunaanza upya na orodha ilivyoandikwa mwanzo, si na ile iliyoachwa kwenye skrini. Hayat alikaa kwenye benchi akimtazama, hakwenda zake, na Zubeida hakujua kama ni msamaha au ni ulinzi.

Ilipokuwa tayari, alitengeneza majina elfu kumi ya uongo na kuyapanga mbele ya bosi wake. Orodha ilisita. Kimeu alikohoa mara moja, na alipomaliza kukohoa, ilikuwa imepangika.

"Hiyo kukohoa ndiyo itaniua mbele ya watu wa Nairobi," alisema. Lakini alirudia mwenyewe, Mtaa, kisha Daraja, kisha Umri, kisha Daraja tena, na kila mara waliolingana walirudi mahali pao. Alipumua. "Sawa, tumia hiyo. Lakini kwa barua ya kampuni mimi siandiki kwamba tulikosea. Ukienda huko kusema, unasema kwa jina lako."

"Nitasema kwa jina langu."

Hapo ndipo Hayat alipouliza swali ambalo Zubeida alikuwa akilikimbia tangu asubuhi. "Na ile foleni yetu ya kweli? Ya siku ya kambi? Hii mpya inairudisha?"

Haikuirudisha. Programu mpya ingetunza mpangilio wowote iliopewa, lakini mpangilio wa siku ya kambi haukuwepo tena. Nambari zilizoonekana pembeni ya majina zilikuwa za mstari wa skrini tu. Tarehe ya kuandikishwa ilikuwa moja kwa wote. Na disketi ya akiba ilinakili kila jioni kilichokuwa kwenye mashine, ikanakili na mvurugo. Zubeida alitafuta kila mahali alipojua, kisha akaiondoa mikono kwenye kibodi.

"Hakuna," alisema. "Nimeipoteza."

Siku kamati ilipoita watu, Zubeida alisimama verandani pa kliniki mbele ya wagonjwa na wana wao. Wengi wa daraja la kwanza walikuwepo, wameketi kwenye mabenchi, nyuso zimeinuliwa kidogo kama wafanyavyo watu wanaosikiliza badala ya kuona. Hayat alisimama mbali, kando ya geti, kwa kuwa alikuwa bado ameambiwa akae nyumbani. Zubeida alijua kwamba wifi yake alikuwa anaangalia kama atatafuna maneno.

Hakuyatafuna. Alisema kwamba programu ni yake, kosa ni lake, na Hayat hakujua lolote. Alieleza jinsi mashine ilivyowachanganya waliolingana. Alisema foleni ya kweli imepotea na yeye hawezi kuirudisha.

Jared akainuka.

"Madam, wewe ni nani wa huyo Hayat?"

"Ni wifi yangu."

"Haya! Mmesikia?" Aligeukia watu. "Wifi anaosha wifi! Mkono mmoja haujioshi, si ndiyo?"

Watu walinung'unika. Bwana Muthoka alianza kukusanya karatasi zake, na Zubeida akaona wazi kwamba ukweli aliousema ulikuwa umemzamisha Hayat zaidi. Alihisi machozi ya hasira yakimpanda. Kisha akamkumbuka Hayat pale ofisini, amesimama, akisema amekuja kabla yako, amekuja kabla yako. Alimwendea mzee aliyekuwa karibu naye, mwenye koti la sufu na fimbo.

"Baba, jina lako?"

"Nzioki."

"Siku ya kambi, mliketi kando ya ua. Nani alikuwa mbele yako?"

Mzee alitabasamu, kana kwamba hatimaye mtu ameuliza jambo la maana. "Jina sijui. Alikuwa mtu wa ugoro. Alipiga chafya siku yote, na kila akipiga chafya anamwita Mungu, Ngai niokoe. Mimi nikasema, huyu atakufa kabla ya kupimwa."

"Ni mimi huyo!" sauti ilitoka mwisho wa benchi. "Kaleli! Na wewe ndiye ulikuwa unanigonga na fimbo!"

"Nilikuwa natafuta kama bado uko."

Watu walicheka, hata Jared kwa upande mmoja wa mdomo. "Na wewe Mzee Kaleli," Zubeida aliuliza, "mbele yako?"

Basi ikaanza. Hakuna aliyejua foleni nzima, lakini kila mmoja alimjua mtu mmoja. Hawakuwa wameonana, walikuwa wamesikilizana mchana kutwa, na waliyosikia walikuwa nayo bado. Mama mmoja alisema mbele yake alikuwa mtu aliyeimba nyimbo za kanisa bila kujua maneno, na Dalmas, fundi cherehani wa Ngoingwa, akakiri kwa uchungu kwamba maneno anayajua sana, ni sauti iliyokuwa imekauka. Mwingine alimtambua jirani yake kwa kiatu kinacholia. Waliinuka, wakashikana mabega, wakahama benchi. Wenye wana walishikwa mkono, wasio na wana walishika ukuta. Zubeida aliandika kila jina lilipotua, na Bwana Muthoka, aliyekuwa ameziacha karatasi zake, alianza kuhesabu kwa sauti. Mzee Kaleli alitua wa sita. Jared alimketisha baba yake hapo, akabaki nyuma yake.

Walipomaliza ishirini na tatu, walikuwa wamefika kwa Tobias, mlinzi mstaafu wa kiwanda.

"Nyuma yangu alikuwa mama," Tobias alisema. "Mpole, sauti ya chini. Alinigawia ndizi. Jina hakusema."

"Huyo ndiye wa ishirini na nne," alisema Bwana Muthoka. "Wa mwisho kwa daktari mwaka huu. Ni nani?"

Bi Zainab alikuwa bado ameketi peke yake kwenye benchi la nyuma, mikono mapajani. Tobias aligeuza sikio.

"Shosho," alimwambia bibi huyo, "nakusikia ukipumua hapo. Wewe si ndiye? Ongea kidogo."

Zubeida alimtazama Bi Zainab, kisha akatazama getini. Hayat alikuwa ameshika chuma cha geti kwa mikono miwili. Ilikuwa rahisi kabisa. Neno moja tu, na sauti ya Bi Zainab ilikuwa ya chini na ya upole kuliko ya mama yeyote Thika. Hakuna ambaye angebisha. Hata Jared alikuwa anangoja tu bibi aseme ni yeye.

"Si mimi," alisema Bi Zainab. "Mimi nilikuwa nyuma yake. Anaitwa Mwelu, wa huko Kilimambogo. Hata mimi alinipa ndizi." Alimgeuzia Tobias uso. "Leo hajakuja. Lakini alikuwa mbele yangu."

Bwana Muthoka aliendelea kuhesabu. "Ishirini na nne, Mwelu," alisema. "Ishirini na tano, Zainab." Kisha akainua uso kuelekea getini. "Hayat, njoo ndani. Njoo uandike, mimi hiyo mashine siiwezi."

Hayat alipita katikati ya watu, na watu wakampisha. Hakumtazama mama yake. Aliketi mbele ya kompyuta, iliyokwisha kutiwa programu mpya, akaandika majina upya, mmoja baada ya mwingine, na alipofika kwa Mwelu vidole vyake havikusita. Vilisita kidogo kwa jina lililofuata, kisha vikaendelea mpaka mwisho. Jared alikuwa ameingia pia, amesimama mlangoni, sauti yake imepungua.

"Mimi sina neno na wewe, dada," alimwambia Hayat. "Nilikosea. Lakini hii kitu, ikiruka tena?"

Zubeida alishika kipanya. Alibonyeza Mtaa, na majina yakatawanyika. Akabonyeza Daraja. Na katika ile sekunde ya kungoja, yeye aliyeiandika mbinu hiyo na kuitetea, alijikuta anaomba kwa moyo wake wote kwamba awe amekosea mahali, alama moja tu, irushe jina moja nafasi moja juu.

Kaleli alikuwa wa sita. Mwelu alikuwa wa ishirini na nne. Zainab alikuwa wa ishirini na tano.

"Imekaa," alisema Jared, akatoka kwenda kumwambia baba yake.

Hayat hakuondoa macho kwenye skrini. "Finya tena," alisema polepole.

Zubeida alibonyeza tena, Mtaa, kisha Daraja. Waliingoja pamoja, bega kwa bega, na orodha ikarudi vilevile. Hayat aliitazama kwa muda. Kisha akawasha printa, akachukua karatasi ilipotoka, na kwenda nje kuibandika mahali ambapo kila mtu angeisoma, na ambapo mama yake angesomewa.